Rupia Niliyoiita Chafu

Leo nimejivua nguo mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya nesi. (Shati na suruali ninavyo bado. Vingine ndivyo vilivyokwenda.)

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha kamba, ndani ya chumba ambacho asubuhi sikujua kama kipo duniani. Simu ina chaji kidogo, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja. Wale mlioniona saa saba humu kwenye kundi nikituma picha ya sarafu pamoja na maneno ya majigambo, hiki ndicho kilichofuata. Wale mlioniwekea dole gumba, mtaliondoa wenyewe kwa wakati wenu.

Asubuhi nilikuwa Mbinga. Nilikuwa nimemaliza kibarua cha kubeba magunia ya kahawa kwenye ghala, mabega yamechubuka, na nilipoamka sikuwa na mpango wowote. Nikapiga mswaki, nikafunga begi, nikatoka barabarani. Ndivyo ninavyoishi, mnanijua. Fuso lililojaa kreti za soda lilikuwa limesimama, dereva anakaza turubai. Nikamuuliza anaelekea wapi.

"Mbamba Bay."

"Kiti cha mbele kina mtu?"

"Kina wewe, kama utanisaidia kushusha."

Basi, safari ikawa imepatikana.

Kabla sijafika mbali niwaeleze kidogo, maana wengi wenu mnadhani hela ya zamani ni hela ya zamani tu. Sivyo. Sarafu mbili zinaweza kuwa za mwaka mmoja, kichwa kilekile, fedha ileile, moja ikanunua kuku na nyingine ikanunua ng'ombe. Tofauti ni hali yake. Haya nilifundishwa na fundi saa mmoja wa Songea, ambaye hununua rupia za Mjerumani na kuwauzia wakusanyaji wa nje. Nilikaa kwenye benchi lake siku nne nikiuliza maswali, mpaka akanipa lenzi yake ya zamani ili ninyamaze. (Shule niliiacha kidato cha pili. Maswali sikuyaacha.)

Kinachoangaliwa kwanza ni sehemu zilizoinuka, kwa sababu ndizo zinazolika kwanza mfukoni. Kwenye rupia zile za mwanzo, upande mmoja kuna mfalme wao amevaa kofia yenye tai juu yake, na upande wa pili kuna simba na mti kama mnazi. Unatafuta manyoya ya bawa la tai. Yakihesabika, moyo una ruhusa ya kwenda mbio. Unatafuta nywele za shingo ya simba. Unatafuta masharubu ya mfalme. Unaigeuza taratibu kwenye mwanga, umeishika ukingoni, kamwe si usoni. Halafu rangi. Fedha ikikaa miaka mingi bila kuguswa hufanya weusi, na pembeni weusi huo huwa na bluu kidogo, kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye maji. Weusi huo ndio cheti chake. Unasema: mimi sijasuguliwa. Ukiufuta, umefuta hela. Fundi saa aliwahi kuniambia kwamba mtu aliyemwibia anaweza kumsamehe, lakini aliyeng'arisha rupia, hapana.

Hilo ni somo la kwanza. La pili hakunifundisha yeye, nilikuwa nalo tangu zamani: ponda kwanza. Kitu ukikitaka, kitie kasoro. Kisha ondoka ukale. Mwenye nacho atakuita. (Kwa njia hiyo nimewahi kununua baiskeli, redio, na mbuzi mmoja aliyekufa kesho yake.)

Tulipofika Mbamba Bay nikashusha kreti kama nilivyoahidi, nikanawa uso, nikamfuata kijana wa bodaboda aliyekuwa amelala juu ya pikipiki yake kama nguo iliyoanikwa. Anaitwa Tasilo. Tunalingana umri.

"Unakwenda wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapi, kaka? Mbele ni Msumbiji."

"Nishushe kabla ya Msumbiji."

Akanitazama, akatazama begi langu, akawasha. Tukafuata njia ya Chiwanda, vumbi upande mmoja, ziwa upande mwingine. Njiani nikamuuliza kama kuna wazee wenye vitu vya Mjerumani. Akapunguza mwendo.

"Wewe ni wa zile mashine za kutafuta mali chini ya miti?"

"Hapana. Mimi ni wa sarafu tu."

"Yupo bibi mmoja, bibi Anastazia, kijiji hiki cha mbele. Ana hela ya Mjerumani kwenye kopo. Anatafuta mnunuzi, ana shida ya macho. Lakini nikikupeleka, mimi nakula nini?"

"Utakula cha udalali."

Hapo mwendo ukarudi, tena na nyongeza.

Nyumba ya bibi Anastazia iko karibu na maji, ya matofali ya kuchoma, na mihogo imeanikwa juu ya mwamba uani. Mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni akichambua dagaa kwenye ungo, akitoa kokoto kwa ncha za vidole bila kutazama chini. Halafu nikaona kwamba hata angetazama isingemsaidia. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe, la kushoto limefunga kabisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hiyo pikipiki ni ya Tasilo. Wewe ni nani?"

"Mgeni, bibi. Natokea Mbinga."

"Baridi ipo huko?"

"Ipo."

"Kaa hapo. Tasilo, mpe mgeni kigoda, najua umeshakikalia wewe."

Tasilo akainuka. Alikuwa ameshakikalia.

Nikaeleza shida yangu. Bibi hakuzunguka. Akasema hela hiyo ilikuwa ya baba mkwe wake, aliyewabebea Wajerumani mizigo wakati wa vita. Walimlipa rupia hiyo moja mwishoni. Alipofika nayo nyumbani, Waingereza walikuwa wameshaingia na hela yao, na ile yake haikununua hata chumvi. Akaifunga kwenye kitambaa kwa hasira, na hasira hiyo ikarithiwa. Hakuna aliyeitumia. Hakuna aliyetembea nayo.

(Mimi hapo nilikuwa natabasamu peke yangu. Sarafu ambayo haikutembea ndiyo sarafu inayotafutwa.)

"Naiuza sasa kwa sababu ya haya," akasema, akagusa jicho. "Jumatatu wanakuja madaktari wa macho hospitali ya misheni, huko milimani. Watakaa wiki moja tu. Nesi ameniandikisha. Kupasuliwa ni bure. Nauli, kula, na mtu wa kunishika mkono, hayo ni juu yangu. Binti yangu yuko Makambako, hana nauli ya kuja kunichukua. Mara ya mwisho walipokuja nikakosa. Nesi anasema la kushoto limekwisha kufa, na hili la kulia likikosa tena, halitanisubiri."

Nilisikia yote hayo. Naandika wazi, kwa sababu mtaniuliza. Nilisikia.

Akaingia ndani akipapasa ukuta, akatoka na kopo la mafuta ya kujipaka, la bati, aina ambayo haiuzwi tena. Ndani yake kitambaa. Ndani ya kitambaa, yenyewe.

Nikaishika ukingoni, nikasogea kwenye jua, nikatoa lenzi.

Nimeshika sarafu nyingi tangu nianze mambo haya. Nyingi zimelika mpaka mfalme anafanana na kiazi. Hii ilikuwa kitu kingine. Manyoya ya tai yalihesabika, niliyahesabu bawa zima. Simba alikuwa na nywele shingoni, na makucha. Majani ya ule mti yalikuwa na mistari katikati. Palipolika ni padogo tu, kwenye shavu la mfalme, kama mtu aliyepaka poda. Maandishi ya kuzunguka yalisimama kama yamepigwa jana. Na juu ya yote hayo, weusi. Weusi mtulivu, sawasawa, na bluu ukingoni. Nikaiweka juu ya ncha ya kidole, nikaigonga kwa ukucha. Ikalia kengele ndefu. Nikatoa sumaku. Sumaku haikujali.

Nikarudisha lenzi mfukoni.

"Ikoje?" bibi akauliza. "Mimi kwa macho niliiona mara moja tu, nilipoolewa. Siku hizi naijua kwa kidole."

"Mh," nikasema.

Ile "mh" nimeifanyia mazoezi. Ina huruma ndani yake, na uchovu.

"Bibi, imechafuka."

"Imechafuka?"

"Nyeusi tii. Kama sufuria la kupikia nje."

"Lakini ilikuwa kwenye kopo."

"Ndiyo hivyo. Uchafu wa miaka mingi umeigandia. Watu wa mjini wanataka hela inayong'aa. Hii nikiwapelekea watanicheka."

Tasilo akachungulia begani kwangu. "Kweli, bibi, nyeusi," akasema. Yeye alikuwa anasema alichokiona. Uongo ulikuwa wangu peke yangu.

Nikaona aibu ikimpanda bibi usoni, na hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuipima kwa lenzi yoyote. Mjue kwamba huku ziwani mwanamke hujulikana kwa masufuria yake. Husuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka nje pafanane na ndani, kisha hupangwa kichanjani mbele ya nyumba ili apitaye aone. Ya bibi Anastazia yalikuwa yamepangwa palepale, yanaumiza macho. Asiyeona ndiye mwenye masufuria masafi kuliko kijiji kizima. Na mimi nimemwambia mwanamke huyo kwamba amempa mgeni kitu kichafu mkononi.

Nikataja bei. Ilikuwa bei ya kuku, tena asiyetaga.

"Hiyo hainifikishi hata Mbamba Bay na kurudi," akasema polepole.

"Basi ngoja nikale kwanza, bibi. Nifikirie."

"Chakula hapa kipo."

"Nisikusumbue."

(Hapo nilikuwa najiona fundi kweli. Mtu asiye na haraka. Mtu anayeondoka.)

Kabla ya kuirudisha niliipiga picha, pande zote mbili. Ndiyo ile mliyoiona. Nikaandika chini yake: "Haijaguswa. Bibi wa watu hajui alichoshika." Nikaweka na kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi. Nikatuma humu, nikamtumia na fundi saa. Fundi saa akajibu papo hapo: "Usiiguse. Usiifute hata kwa shati. Njoo nayo." Halafu akataja bei yake. Nikaisoma mara tatu, nikakaa chini.

Pale ufukweni kuna mama anayepika. Nikaagiza ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa wa kuchoma, nikakaa kwenye jiwe lenye kivuli. Mpango wangu ulikuwa kula taratibu, kuzungumza habari za samaki, kurudi saa nane kama mtu aliyepitia tu, na kuongeza bei kidogo kwa moyo wa huruma. Nilikuwa nimeshapanga hata uso nitakaouvaa.

Nikiwa katikati ya tonge, nikamwona bibi Anastazia anashuka majini. Peke yake, fimbo mkono mmoja, beseni dogo mkono mwingine. Njia anaijua kwa nyayo. Akafika kwenye ukingo wa mchanga, akachutama, akaanza kusugua kitu. Nilikuwa mbali, sikuona ni nini. Nilisikia tu mchanga. Kwarakwara, kwarakwara.

Nikajisemea, bibi msafi huyu.

Naapa ndivyo nilivyojisemea. Nikamwambia hata yule mama mpishi. "Wazee wa zamani walikuwa wasafi."

"Bibi Anastazia?" akajibu. "Huyo akikuazima sufuria, unaogopa kuipikia."

Nikacheka. Nikaongeza mboga. Kwarakwara ikaendelea muda mrefu, ikanyamaza, ikaanza tena kwa sauti nyingine, kali kidogo, kama ya waya. Nilimaliza samaki mpaka kichwa.

Saa nane nikarudi. Uani palikuwa na bibi, Tasilo, na mwanamke aliyevaa koti la kazi na ushungi, ameshika fomu. Ndiye nesi wa zahanati, mtu wa Tanga, amepangiwa huku na anaishi nyumba ya jirani. Jina lake Mwanahawa. Alikuwa amemletea bibi karatasi za rufaa. Akanisalimia vizuri sana. Watu wa Tanga husalimia vizuri, unaweza kudhani umesamehewa jambo.

Bibi akageukia sauti ya viatu vyangu. "Ni wewe, mgeni?"

"Ni mimi, bibi."

"Haya. Tazama sasa."

Alikuwa ameshika sahani kwa mikono miwili, kama mtu anayeandaa chakula, na juu yake kitambaa cheupe. Akakifunua.

Mwanzo sikuelewa. Nilidhani ameniwekea kizibo cha soda.

Ilikuwa inang'aa. Inang'aa kama kijiko kipya dukani. Nikaichukua, na safari hii nikaishika usoni, kwa sababu hapakuwa tena na uso wa kulinda. Mfalme alikuwa hana masharubu. Tai amekuwa kifaranga aliyelowa. Simba amenyolewa, amebaki mbuzi. Mikwaruzo imekwenda huku na huku kama shamba lililopigwa jembe na mtu mlevi.

"Nilianza na mchanga," bibi akasema. Alikuwa na furaha. "Halafu majivu. Halafu nikaona nisifanye mchezo, nikachukua ule waya wa masufuria. Hukuongopa, mjukuu wangu. Uchafu ulikuwa umeganda kweli, umefanya manundu. Hapa katikati ulikuwa na manyoyamanyoya. Na hapa pembeni kote umejipanga kama punje za ulezi. Hizo punje ndizo zilizonitesa. Lakini nilisugua mpaka vidole vikaniambia basi. Hebu pitisha kidole."

Nikapitisha kidole. Palikuwa nyororo.

Punje za ulezi zilikuwa maandishi.

Hapo mdomo wangu ukafunguka bila kuniuliza.

"Bibi, umefanya nini? Ule weusi ndio ulikuwa hela! Haikuwa imeguswa tangu Mjerumani, manyoya yote yalikuwepo, nimeyahesabu mimi mwenyewe!"

Tasilo alikuwa anakanyaga kiki ya pikipiki yake, mguu ukabaki hewani.

Nesi akakunja ile fomu mara mbili.

"Kaka yangu, samahani," akasema. "Hebu rudia, polepole. Ulihesabu nini?"

Nikaigeuza rupia upande wa pili, kana kwamba jibu liko huko.

"Bibi ameniambia mnunuzi amemwambia hela yake ni chafu. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na ulikuwa unajua si uchafu."

"Nilikuwa nafanya biashara, dada."

"Aa. Biashara." Akatikisa kichwa kwa adabu, kama mgonjwa anapomwambia kidonda kimeanza jana. "Una picha yake ya kwanza?"

Ningeweza kusema sina. Lakini Tasilo, ambaye mchana kutwa hakuwa na faida yoyote, akasema, "Anayo. Alipiga mbili."

Nesi akanyoosha mkono. Nikampa simu. Akaitazama picha, akamtazama bibi, kisha akasoma maneno niliyoyaandika chini yake. Aliyasoma kwa sauti, kwa ile sauti ya kuita majina ya wagonjwa kwenye benchi: "Haijaguswa. Bibi wa watu hajui alichoshika." Akasogeza simu karibu. "Na hapa pana kikatuni kinacheka."

Sijawahi kuchukia kikatuni namna hiyo.

Nikasubiri bibi anitukane. Nilikuwa tayari. Nimetukanwa Tunduru, nimetukanwa Njombe, najua pa kuweka mikono mtu akinitukana. Bibi alikuwa amekaa na ile sahani tupu mapajani. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa mchanga, viwili vinatoka damu kidogo.

"Kwa hiyo nimeiharibu," akasema.

"Hukuiharibu wewe, bibi," nesi akasema.

"Mimi ndiye niliyesugua." Akageuka kunitafuta, akakosea upande, akazungumza na ukuta wa jikoni. "Nisamehe, mjukuu wangu. Umetoka mbali kote huko, nami nimekuharibia kitu chako."

Bora angenitukana.

Tasilo akakohoa. "Sasa... na cha udalali?"

Nesi akamtazama tu. Tasilo akawasha pikipiki na kuondoka, na nauli yake hajaichukua mpaka sasa. Ndivyo alivyomtazama.

Kisha akanigeukia mimi. "Kabla haijasuguliwa ilikuwa na thamani gani?"

Niliwaza kudanganya. Nisiwafiche, niliwaza. Niliwaza kutaja nusu ya bei, nikawaza robo. Lakini simu ilikuwa mkononi mwake, na jibu la fundi saa lilikuwa humohumo chini ya picha. Nikaitaja. Sitaiandika hapa, sitaki kuisoma tena. Bibi alipoisikia aliweka sahani chini taratibu sana, kama imejaa maji.

Kwa matumaini ya kipumbavu nikaomba simu, nikapiga picha ile rupia ilivyo sasa, nikamtumia fundi saa. Jibu lilikuwa fupi: "Yeyusha, tengeneza pete." Halafu akanizuia kwenye simu yake. (Naona hakunisamehe.)

Nikatoa nilichonacho. Mfukoni, ndani ya begi, chini ya soksi. Mshahara wote wa magunia ya Mbinga. Haukufika hata nusu ya bei niliyoitaja. Nesi akapiga hesabu nyuma ya fomu: nauli ya bibi na ya mtu mwingine kutoka hapa kwenda na kurudi, chakula cha siku zote za hospitali. Ikatosha, kasoro jambo moja.

"Haitoshi kumleta binti yake kutoka Makambako," akasema. "Na bila msindikizaji hawampokei. Kwa hiyo msindikizaji ni wewe."

"Mimi nina safari, dada."

"Ya wapi?"

Nilifikiri kwa bidii. Sikupata hata jina la kijiji.

"Mnaondoka Jumapili baada ya misa," akasema. "Jumanne anapasuliwa. Utamshika mkono, utamsomea kila karatasi kama ilivyoandikwa, utamwambia kila kitu kilivyo. Chakula kikiwa kibaya, unamwambia kibaya. Kitanda kikiwa kichafu kweli, unamwambia kichafu. Nipe kitambulisho chako nikutunzie."

Nikampa. Akakitazama, akasema picha yangu imetoka vizuri, akaondoka zake kazini.

Nilidhani nitalala chini ya mwamba, na nilikuwa naona inanistahili. Bibi akasema hapana, kuna chumba alichokuwa akilala binti yake kabla ya kwenda Makambako, kina kitanda, nifagie tu. Nikafagia. Akaniletea maji ya kuoga kwenye ndoo inayong'aa. Akapika yeye, mimi nikachochea moto, na alipoomba nimwambie kama ugali umeiva nilichukua muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kutazama ugali. Nikamwambia bado kidogo. Ulikuwa bado kidogo kweli.

Tulipokuwa tunakula, jua linazama upande wa Malawi, akaniambia jambo.

"Jumatano wakinifungua bandeji, wewe ndiye utakayekuwa mbele yangu."

"Ndiyo, bibi."

"Nitakutazama vizuri. Mpaka sasa nakujua kwa sauti tu."

"Usitarajie makubwa, bibi."

"Sitarajii." Akapapasa bakuli, akanisogezea kipande cha samaki chenye nyama zaidi. "Nataka nijue tu umechakaa kiasi gani."

Chaji imebaki mstari mmoja. Naombeni msicheke sasa. Subirini Jumatano, bibi aanze yeye.